Kichupa Kilichotoka Asego

"Kompyuta zote zipo," alisema Inspekta Bitutu. "Hadubini zipo. Hata simu ya mlinzi iliyokuwa ikichajiwa dirishani ipo. Sasa niambie, Daktari, ndani ya hicho kichupa kimoja kilichoibwa mlikuwa mmeweka nini?"

Daktari Caren Achieng', msimamizi wa kituo cha utafiti kilichojengwa mgongoni mwa kilima cha Asego, aliinuka kitini. Alivaa glavu nene za bluu, akaliendea pipa la chuma lililokuwa pembeni mwa chumba, akainua mfuniko. Mvuke mweupe ukafurika, ukateremka ubavuni mwa pipa na kutambaa sakafuni hadi kwenye viatu vya Konstebo Ochieng', ambaye alirudi nyuma akitazama miguu yake.

"Huo ni moshi, Daktari?" Ochieng' aliuliza.

"Ni baridi. Humo ndani kuna hewa ya naitrojeni iliyopozwa hadi ikawa majimaji. Ukitumbukiza ua humo, ukilitoa linavunjika kama glasi. Lakini seli hai, ukiziandaa vizuri kabla ya kuzitia, hazifi. Zinasimama tu. Mwaka mmoja, miaka ishirini, zinangoja."

"Zinangoja nini?"

"Joto."

Inspekta Bitutu alikuwa amefanya kazi ya upelelezi tangu Nakuru hadi Homa Bay. Alikuwa amefuata ng'ombe walioibwa, pikipiki, injini za boti, na mara moja hata kengele ya kanisa. Kitu kilicholala bila kufa, kikingoja joto, hakikuwahi kufika mezani kwake. Alisogea karibu na pipa akachungulia, baridi ikampiga usoni.

"Endelea," alisema.

"Mama akishajifungua, kondo la nyuma na kitovu huzikwa au huchomwa," Daktari Achieng' alieleza. "Sisi tunawaomba kina mama watuachie, na anayekubali tunampa kadi yenye namba yake. Ndani ya nyama ile mna seli shina. Hizo ni seli changa ambazo bado zinaweza kugeuka kuwa mfupa au gegedu, na zikiwekwa penye jeraha zinaziamsha seli nyingine zifanye kazi ya kuponya. Huku kwetu wagonjwa wa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, wanapata vidonda vya miguu visivyopona. Mtu anaishi na kidonda tangu ujana wake hadi anazeeka. Bado hatujafika hatua ya kumtibu mtu, tungali kwenye maabara. Ila kati ya seli zote tulizokusanya, hizo zilizoibwa ndizo zilizotushangaza. Tumegundua leo tu tulipohesabu, huenda kimetoka wiki kadhaa sasa, na kilikuwa kichupa cha mwisho kutoka kwa mama aliyezitoa."

"Mama gani?"

"Sijui. Mimi naona namba tu. Najua alijifungulia upande wa Migori. Jina limefungiwa na kamati ya maadili, na ukilitaka itabidi ulete amri ya korti."

"Nje ya pipa hili zinaishi muda gani?"

"Muda wa chai kupoa." Daktari alifunga mfuniko. "Kama aliyekichukua alikitia mfukoni, Inspekta, basi unatafuta maiti."

Bitutu alizunguka chumba taratibu. Mle ndani ya pipa alikuwa ameona vichupa mamia, vimepangwa kwenye vijumba vya chuma, kila kimoja na namba yake. Anayeiba ili auze hubeba vingi. Huyu alikuwa amechagua. Kando ya pipa, kigae kimoja cha sakafu kilikuwa kimepasuka, na nyufa zake zilikuwa nyeupe, mpya.

"Naitrojeni ikimwagika hufanya hivyo," Daktari alisema. "Lakini sisi hatumwagi. Tunainua kijumba, tunachukua, tunarudisha."

"Kwa hiyo kuna mtu alikuwa akiimimina kwenye chombo kingine."

Hapo ndipo Ochieng', aliyekuwa akipekua pipa la taka zinazochomwa mara moja kwa mwezi, alipoinuka ameshika kitu kwa ncha ya kalamu. Ilikuwa glavu ya plastiki nyembamba ya rangi ya machungwa. Alipoiachia ining'inie, ikashuka, ikashuka, mpaka ikafika gotini mwake.

"Hii si yetu," Daktari alisema. "Zetu zinaishia kwenye kifundo cha mkono. Nani anavaa glavu ya kufika begani?"

Bitutu aliisogelea akaichunguza. Alizaliwa Nyamira, kwa watu wa ng'ombe wa maziwa, na glavu kama ile alikuwa ameiona mara nyingi zizini kwa baba yake. Aliiweka ndani ya mfuko wa ushahidi na kumwita mlinzi wa lango.

Mlinzi, mzee mwenye sare iliyopigwa pasi vizuri, aliapa kwamba hakuna mgeni aliyeingia.

"Ni watu wa kawaida tu, Madam. Wafanyakazi, wafagiaji, mtu wa kuleta ile baridi."

"Na kama ungeambiwa utaje mtu mmoja?"

"Ningesema Bravin, yule mlinzi aliyefutwa. Watu wamemwona huko Macalder kwenye machimbo na sanduku jeupe la hapa. Na wanasema wachimba dhahabu wananunua vitu vya uzazi wapate bahati kwa shimo."

*

Barabara ya kwenda Macalder ilikuwa na vumbi jekundu lililopenya hadi kwenye meno. Walimkuta Bravin karibu na mashimo, chini ya turubai, amekalia kigogo. Mbele yake palikuwa na sanduku jeupe la plastiki, na juu ya mfuniko wake kibandiko cha kituo cha Asego kilikuwa kimekwaruzwa nusunusu. Wanaume waliopakwa tope hadi kwenye nyusi walimzunguka.

Walipowaona askari, wanaume wakatawanyika. Bravin alibaki.

"Fungua," Bitutu alisema.

Bravin alifungua. Ndani mlikuwa na barafu iliyoanza kuyeyuka na chupa za soda.

Ochieng' alitumbukiza mkono hadi chini, akapapasa, akautoa ukiwa mtupu na umelowa. "Ni soda, Afande. Na maji baridi."

"Watu wa shimo wanapenda kitu baridi wakitoka," Bravin alisema kwa sauti ndogo. "Madam, sanduku nilichukua. Hiyo nakubali. Walinifuta nikaona siwezi kwenda mikono mitupu. Lakini hiyo maneno ya vitovu mimi sijui. Hakuna mtu hapa anataka kitovu. Wanataka mercury ya kukamatia dhahabu, na soda."

Bitutu alichuchumaa mbele yake. "Ulikaa langoni muda mrefu. Nani alikuwa akija kuulizia vichupa?"

"Hakuna." Kisha Bravin akakunja uso. "Labda yule wa viatu vya gambuti. Mkisii, anavaa koti refu la kijani. Alikuja mara nyingi. Anataka kuongea na daktari. Nikimuuliza shida gani, ananiambia anataka kujua kama ile kitu inachukuliwa kwa wanawake ni kweli haikufi. Nikaona huyu akili imeenda. Nikamfukuza."

"Ulimwambia daktari?"

"Daktari nimwambie nini? Kila siku langoni kuna mtu na maneno yake."

"Alikuja na nini? Gari?"

"Pikipiki. Na mtungi fulani wa bati umefungwa nyuma kwa mpira. Nilidhani ni maziwa."

Ochieng' alimgeukia mkubwa wake. Bitutu alikuwa tayari amesimama, anakung'uta vumbi kwenye magoti.

"Sanduku utalirudisha Asego wewe mwenyewe, na utaandikisha taarifa," alimwambia Bravin. Kisha, wakielekea kwenye gari, akamwambia Ochieng': "Si maziwa. Ndani ya mtungi ule kuna naitrojeni, ileile ya kwenye pipa la Daktari. Watu wanaopandisha ng'ombe kwa mbegu za fahali zilizohifadhiwa hutembea nayo boma kwa boma. Glavu ile ya kufika begani ni ya kuingiza mkono kwa ng'ombe. Na mlinzi alituambia mwenyewe, likatupita: mtu wa kuleta baridi. Lazima alifika langoni na mtungi wake, akafunguliwa."

"Kwa hiyo hicho kichupa..."

"Kama mtungi ulikuwa umejaa, Ochieng', hatutafuti maiti. Endesha."

*

Duka la dawa za mifugo la Priscah lilikuwa nyuma ya soko la Migori, na harufu ya dawa ya kupe ilianza kukupokea kabla hujafika mlangoni. Wapandishaji wote wa upande ule walijaziwa naitrojeni hapo. Bitutu alimsalimia kwa Kigusii, Priscah akaitikia kwa tabasamu, na tabasamu likapungua alipoona kitambulisho.

"Dada, sitafuti mtu wa kumharibia kazi," Bitutu alisema. "Niambie jambo moja tu. Katika wateja wako wa baridi, kuna anayekuja kujaza mtungi lakini hanunui mbegu?"

Priscah alijifanya kupanga chupa kwenye rafu. Alipanga zile zile mara mbili.

"Nadhani yupo mmoja anayekuja mara nyingi kuliko wote," Bitutu aliendelea. "Ng'ombe hahudumii tena, lakini mtungi hauachi ukapungua. Anauangalia kama mtu anavyoangalia mgonjwa."

"Ni ndugu wa kanisani," Priscah alisema hatimaye, bila kugeuka. "Tunasali pamoja Sabato. Nyamweya si mwizi. Tangu mke wake alale, hata kula anakumbushwa. Mbegu zote aliwapa wenzake bure, mtungi akabaki nao. Nilimuuliza, sasa baridi ni ya nini? Akaniambia, nisipojaza kuna mtu atakufa mara ya pili. Nililia, nikajua ni uchungu unaongea."

"Mke wake alilala vipi?"

"Uzazi," Priscah alisema.

*

Nyumba ya James Nyamweya ilikuwa nje kidogo ya mji, kuelekea Isebania, kwenye kipande cha shamba alichonunua alipohama kutoka Kisii. Zizi lilikuwa tupu. Kando ya migomba palikuwa na kaburi ambalo saruji yake ilikuwa bado haijapoteza weupe. Nyamweya alikuwa ameketi kibarazani na koti lake la kijani, anamnyonyesha mtoto wa kike kwa chupa. Aliwaona wakishuka garini. Hakuinuka wala hakukimbia. Alimaliza kwanza kumlisha mtoto, akamweka begani, akampigapiga mgongoni.

"Bwakire," Bitutu alimsalimia kwa Kigusii.

"Bwakire, mama. Najua mlikotoka. Karibuni."

"Kiko wapi?"

Alionyesha ndani kwa kidevu. Ochieng' aliingia, akaita. Mtungi wa bati ulikuwa chumbani, umesimama kati ya kitanda na ukuta, umezungushiwa leso ya kujifunga mwanamke. Bitutu alipofungua mfuniko, mvuke mweupe ukapanda taratibu. Ulikuwa umejaa.

Alirudi kibarazani, akaketi kwenye benchi mbele ya yule mwanamume.

"Nieleze."

"Bosibori aliombwa na wauguzi, akakubali kwa moyo wake," Nyamweya alisema. "Aliniambia, baba Mong'ina, afadhali kisaidie mtu kuliko kioze shimoni. Huyu hapa ndiye Mong'ina. Halafu damu ikaanza kumtoka Bosibori, ikakataa kusimama. Walijitahidi. Sina lawama na hospitali." Alimhamishia mtoto bega la pili. "Tukazika. Siku moja nikasikia kwa redio daktari wa Asego anaeleza vile seli za kondo hazifi zikiwekwa kwa baridi. Watu wengine wangesema ni uongo. Mimi, mama, kazi yangu imekuwa hiyo. Nimebeba kwa huo mtungi mbegu za fahali waliokufa kabla sijaoa. Nimezipanda, nikarudi nikaona ndama wamesimama, wananyonya. Fahali ni mifupa huko ng'ambo, na ndama huyu hapa ana baka la baba yake kwenye paji la uso. Ningewezaje kukosa kuamini?"

Ochieng' alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Nilienda langoni niulize. Nilitaka mtu mmoja tu aniambie kama aliyeko mle ndani ni yeye. Nikafukuzwa. Mara ya mwisho nilibeba mtungi mgongoni, nikaingia kama anayeleta baridi. Namba ilikuwa kwa kadi aliyopewa. Nilivaa glavu nisiache alama, nikainua, nikahamisha, nikaondoka. Mbegu za ng'ombe zimenifunza mkono mwepesi."

"Hukuogopa kuwa umekiua?"

"Niliogopa kila siku. Ndiyo sababu simalizi wiki bila kwenda kwa Priscah."

"Unaelewa kwamba huo ni wizi?"

"Naelewa. Andika. Lakini mama, mimi sikuona kama naiba. Niliona namtoa mke wangu kwa watu wasiomjua jina."

Bitutu alikuwa na maswali mengine, ya utaratibu, na aliyauliza yote: aliingia kwa mlango upi, alimwona nani, nani mwingine alijua. Majibu yalikuja bila kusita, na yote yaliafikiana na kigae, glavu na mlinzi. Kisha akampigia simu Daktari Achieng'.

"Amekiweka kwa mtungi wa ng'ombe?" Daktari aliuliza alipokwisha kuelezwa. "Na hakuacha upungue?"

"Hata kidogo."

"Mleteni. Na mtungi, msiulaze."

*

Walirudi Asego wakiwa wanne. Ochieng' aliendesha polepole, mtungi umeshikwa wima na Nyamweya katikati ya magoti yake, na mtoto amelala kifuani mwa Inspekta. Baada ya kuandikisha taarifa, Nyamweya aliachiliwa kwa dhamana ya polisi. Daktari alikichukua kichupa, akakiyeyusha, akazimwaga seli kwenye sahani yenye maji ya lishe, akaifungia kwenye kabati lenye joto la mwili. Aliwaambia warudi zitakaposhika kwenye sahani na kuanza kukua, kama zitashika.

Zilishika.

Alasiri ya siku walipoitwa, jua la ziwa liliingia chumbani kwa upana. Daktari Achieng' alimkalisha Nyamweya mbele ya hadubini, lakini kwanza alimweleza jambo ambalo hakuna aliyewahi kumweleza.

"Kitovu ni cha mtoto. Kondo ni la wote wawili, mama na mtoto wamefumwa pamoja pale. Seli za kichupa hiki zilitoka upande uliokuwa umegusa tumbo la mama. Tulizipima. Si za Mong'ina. Ni za mama yake."

Nyamweya aliinama kwenye hadubini. Mwanzoni mabega yake yalikuwa yamekaza. Kisha yakashuka.

"Ni nyingi," alisema.

"Zilikuwa chache tulipoziweka."

"Ni kama omena, vile visamaki vya ziwani. Zimelala upande mmoja, zote zinaangalia pamoja." Alisogeza jicho karibu zaidi. "Zinajua?"

"Hapana," Daktari alisema kwa upole. "Hazijui kitu. Hazina kumbukumbu, wala hatuwezi kumrudisha Bosibori kutokana nazo. Sitaki nikudanganye. Lakini ziko hai, na ni za mwili wake."

"Na mlitaka kufanya nini nazo?"

"Vidonda. Miguu ya watu wa selimundu."

Nje mtu aliita, mlango ukafungwa, na bado Nyamweya alikuwa ameinama. Bitutu alikaa kwenye kiti na Mong'ina mapajani. Alikuwa amekwisha kuzungumza na Daktari: kituo kingeondoa malalamiko yake, kwa kuwa mtu huyu alipaswa kusikilizwa langoni, si kufukuzwa. Faili ingepelekwa kwa mwendesha mashtaka ikiwa na maelezo hayo. Kilichobaki hakikuwa cha polisi.

"Mke wako alikuwa na haki ya kujitoa kwenye utafiti wakati wowote," Daktari alisema. "Najua haki hiyo sasa inakuangukia wewe. Ukitaka, nitakupa zote uende ukazizike. Sitakuzuia."

"Zikiongezeka," Nyamweya aliuliza, jicho likiwa bado kwenye hadubini, "zile mpya nazo ni Bosibori?"

"Zote. Hakuna ya kwanza wala ya nyongeza."

"Na zitaendelea kuongezeka?"

"Kwa muda mrefu tu, tukizitunza."

"Basi hatuna la kugombania, Daktari. Zikijaa, nipe kiasi nimpelekee kaburini. Nyingine zibaki hapa, zifanye ile kazi aliyokubali. Aliniambia afadhali kisaidie mtu." Sauti yake ilitetereka kidogo, kisha ikatulia. "Jina lake liandikwe mahali. Si namba peke yake."

"Litaandikwa," Daktari alisema.

Ndipo Nyamweya alipotoka kitini. "Mama," alimwambia Inspekta, "njoo uone. Kuna moja hapo katikati imejikunja kama tone. Sijui inaumwa."

Bitutu alimrudishia mtoto wake, akaketi, akaweka jicho kwenye lenzi. Mwanzoni aliona ukungu, kisha ukungu ukawa uwanja mpana wenye mwanga, na ndani yake viumbe virefu vyembamba vimepangana kama samaki waliogeukia mkondo. Katikati palikuwa na kimoja cha mviringo, kinang'aa. Alitaka kuuliza ni nini. Kile kiduara kikabonyea kiunoni, taratibu mno, kama unga wa chapati unaobanwa kwa vidole visivyoonekana. Bitutu alishika ukingo wa meza. Kwa mkono wa pili aliwaashiria wenzake nyuma wasogee, kwa sababu pale palipokuwa na seli moja sasa palikuwa na mbili, na zote mbili zilianza kujinyoosha.